Maurice Quentin de La Tour: Mchoraji Aliyezikamata Nyuso kwa Chaki

Ndugu zetu wa makambini na wa vituo vya polisi, tumezoea kuwasimulieni maisha ya majemadari, wavumbuzi na watawala. Leo twaomba ruhusa tuwaletee habari za mtu ambaye hakuongoza kikosi wala hakupata kuteka ngome. Silaha yake ilikuwa kijiti cha chaki ya rangi, chenye urefu wa kidole, na uwanja wake wa mapambano ulikuwa karatasi ya buluu iliyobandikwa juu ya kitambaa. Hata hivyo wafalme walimngoja, majemadari walikaa kimya mbele yake, na karibu miaka 190 baada ya kufa kwake Benki ya Ufaransa iliitia sura yake katika noti ya faranga 50. Noti hiyo ilitumika tangu miaka ya 1970 hadi miaka ya 1990, na wengi walioikunja na kuitia mfukoni hawakujua yule bwana mwenye tabasamu ni nani.

Alikuwa Maurice Quentin de La Tour, mzaliwa wa mji wa Saint-Quentin katika jimbo la Picardy, kaskazini ya Ufaransa. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1704. Baba yake alikuwa mwanamuziki, mtu wa kipato cha wastani, na yasemekana hakufurahi kumwona kijana wake akizijaza pambizo za madaftari ya shule kwa sura za watu. Akiwa bado kijana wa miaka kumi na kitu La Tour alikwenda Paris, akawekwa chini ya mchoraji aitwaye Claude Dupouch ili ajifunze kazi.

Hapa hatuna budi kutaja jambo ambalo baadhi ya waandishi hulipita mbio. Mnamo mwaka 1723, kijana huyu alipokuwa bado hajatimiza miaka 20, binamu yake mmoja alipata mimba yake, na mtoto akazaliwa akiwa maiti. Shauri hilo lilifika mbele ya mahakama ya kanisa, na msichana ndiye aliyebeba aibu yote. La Tour aliendelea na safari zake. Tunaliweka jambo hili akibani, maana tutalirudia mwishoni.

Baada ya hapo alitangatanga. Alifika Cambrai, ambako wajumbe wa mataifa ya Ulaya walikuwa wakijadiliana, akawachora baadhi yao. Kisha akavuka bahari kwenda London, akakaa huko kwa muda, na ilipofika mwaka 1727 hivi alikuwa amekwisha rejea Paris. Inasimuliwa kwamba Louis de Boullogne, mchoraji mkuu wa mfalme, aliitazama kazi ya kijana huyu akamwambia wazi kuwa kipaji anacho lakini kuchora hajui. Basi La Tour, badala ya kununa, alijifungia akafanya mazoezi ya kuchora tu kwa muda mrefu, bila kutafuta wateja. Sisi tuliopita katika chuo cha kadeti tunaielewa hali hiyo. Mkufunzi akikuambia kuwa hatua zako gwarideni ni mbovu, una njia mbili tu.

Sasa tueleze hiyo pasteli ni kitu gani. Mchoraji huchukua rangi ya unga, akaichanganya na gundi kidogo sana, akaifinyanga iwe kijiti na kuiacha ikauke. Gundi ikizidi, kijiti huwa kigumu kama jiwe na hakiachi alama. Ikipungua, huvunjika mkononi. Ukikikwaruza juu ya karatasi yenye mikwaruzo, unga hukaa katika vinyweleo vya karatasi hiyo, nao haushikwi na kitu chochote kingine. Hapana mafuta wala maji. Ndiyo maana rangi za pasteli hung'aa kama unga wa mabawa ya kipepeo, na ndiyo maana pia kidole kimoja cha mtoto chaweza kuifuta kazi ya mwezi mzima. Picha ya pasteli isipowekwa chini ya kioo haina maisha.

Jambo lingine ni kwamba rangi hizo hazichanganywi kama za mafuta. Mchoraji wa mafuta huchukua nyeupe, nyekundu na manjano, akazikoroga hadi apate anachotaka. Mchoraji wa pasteli lazima awe na kijiti kwa kila daraja ya rangi. Sanduku lake lina vijiti kwa mamia. Asipokuwa na kijiti anachokihitaji, huweka mistari ya rangi mbili ubavu kwa ubavu, na jicho la mtazamaji aliyesimama mbali kidogo ndilo linalozichanganya. Mtindo huo wa mistari La Tour aliufikisha mbali sana. Ukiisogelea picha yake waona mikwaruzo ya kijani, ya waridi na ya samawati kwenye shavu la mtu, ukashangaa. Ukirudi nyuma hatua tatu, shavu hilo lina damu ndani yake.

Aliyeleta homa ya pasteli mjini Paris alikuwa mwanamke, Rosalba Carriera wa Venice, aliyefika mwaka 1720 na kuondoka mwaka uliofuata baada ya kuchorea nusu ya watu wakubwa wa mji huo. Carriera alikuwa laini. Nyuso zake ni kama zimepitiwa na ukungu. La Tour alitumia chaki ileile lakini hakutaka ukungu. Alitaka mfupa, misuli na fikra.

Siri yake, kwa kadiri tuonavyo sisi, ilikuwa katika mambo mawili: joto na baridi ya rangi, na mpangilio wa picha.

Askari yeyote aliyekesha lindoni anaijua habari ya joto na baridi ya rangi hata kama hajapata kuisoma. Fikirini alfajiri, kabla jua halijachomoza. Mwenzenu ameketi kando ya moto uliobaki usiku. Shavu lililoelekea moto lina rangi ya chungwa na shaba. Shavu lililoelekea mbingu lina rangi ya samawati, kana kwamba limemwagiwa maji. Ni mtu mmoja na ngozi moja, lakini mianga ni miwili. Wachoraji huziita rangi za upande wa moto rangi za joto, na za upande wa mbingu rangi za baridi. Tena joto la rangi si sawa na mwanga wake. Rangi mbili zaweza kuwa na mwanga uleule, moja ikaonekana kumsogelea mtazamaji na nyingine ikarudi nyuma.

Mchoraji asiye na ujuzi akitaka kulifanya shavu liviringe, huongeza weusi pembeni. Matokeo yake ni sura iliyopakwa masizi. La Tour hakufanya hivyo. Aliliweka joto pale mwanga unapopiga, katikati ya paji, puani, juu ya shavu. Na pale uso unapoanza kugeuka, kabla ya kivuli chenyewe, aliweka baridi: kijivu chenye buluu kwenye panja, ukijani kidogo kando ya mdomo, samawati chini ya ndevu zilizonyolewa. Kisha, ndani ya kivuli chenyewe chini ya taya, huenda akarudisha joto kidogo, kwa sababu nguo au kola hurudisha mwanga juu. Hivyo uso huviringa bila kuchafuka. Karatasi yake ya buluu ilimsaidia sana. Katika michoro yake ya matayarisho aliiacha karatasi ionekane kati ya mistari, nayo ikafanya kazi ya baridi bila yeye kugusa kitu.

Michoro hiyo ya matayarisho ndiyo tunayoipenda kuliko picha zake zilizokamilika, na hatuoni aibu kusema hivyo. Ni uso peke yake, bila nywele, bila mabega, umeelea katikati ya karatasi kama kinyago. Ndani yake macho mawili hayafanani. Moja limemulikwa na kumakinika, la pili limelainishwa na kurudi kivulini. Hivyo ndivyo macho ya watu yalivyo, ila sisi hatuna desturi ya kuyatazama.

Na mpangilio je? Tazameni picha za vitambulisho vyenu. Mwanga umekuja kutoka mbele, kivuli kimefutwa, mabega na kichwa vimeelekea upande mmoja kama nguzo, na macho yamekodoka. Mama mzazi hupata taabu kumtambua mwanawe. La Tour alipenda kukigeuza kifua upande mmoja na kukirudisha kichwa kwa mtazamaji, kama mtu aliyeitwa jina lake naye akageuka. Mara nyingi aliiacha mikono nje ya picha. Nyuma aliweka rangi tupu, kijivu au samawati ya baridi, ili uso wenye joto utoke mbele. Na upande wa kivuli aliuacha ukingo wa uso ufifie ndani ya usuli huo badala ya kuukata kwa mstari. Hapo mtu hutoka karatasini.

Mwaka 1735 alimchora Voltaire, na jina lake likaenea. Mwaka 1737 Akademia ya Kifalme ya Uchoraji na Uchongaji ilimkubali kama mwanachama wa awali, akaanza kuonyesha kazi zake katika maonyesho ya Louvre, na hakuacha kufanya hivyo hadi mwaka 1773. Uanachama kamili aliupata mwaka 1746.

Katika maonyesho ya mwaka 1741 zilitundikwa picha zake mbili ambazo twapenda kuziweka pamoja. Ya kwanza ilikuwa ya Gabriel Bernard de Rieux, rais wa baraza moja la mahakama kuu ya Paris na mwana wa Samuel Bernard, tajiri aliyewakopesha wafalme. Picha hiyo ina urefu wa mita mbili na upana wa mita moja na nusu, kipimo ambacho hapana mtu aliyedhani kingewezekana kwa chaki. La Tour aliunganisha karatasi nyingi za buluu akamketisha rais huyo katika kiti cha enzi, amevaa joho jekundu na jeusi, ana kitabu mkononi, tufe la dunia liko kando, zulia chini ya miguu. Leo picha hiyo iko katika Jumba la Makumbusho la Getty mjini Los Angeles, Marekani.

Ya pili ilikuwa ndogo. Ilikuwa ya kijana mwenye asili ya Afrika akifunga kifungo cha shati lake. Hapana joho wala tufe. Orodha ya maonyesho iliandika majina na vyeo vya wakubwa, lakini kijana huyu ilimwita kwa rangi yake tu. Jina lake halikuandikwa. Tukumbuke kwamba miaka hiyo meli za Ufaransa zilikuwa zikivusha Waafrika kwa maelfu kwenda kwenye mashamba ya miwa ya Karibi, na kwamba watumishi Weusi katika nyumba za Paris mara nyingi walionyeshwa pichani kama pambo, wakishika sinia au mwavuli nyuma ya bibi mzungu. Huyu hashiki sinia ya mtu. Ameachwa peke yake katika picha, akishughulika na nguo yake mwenyewe. Hatutaki kumfanya La Tour kuwa mpigania haki, maana hatuna ushahidi wa hilo. Ila jicho lake lilikuwa aminifu. Katika ngozi nyeusi utaratibu wa joto na baridi hugeuka kidogo: mng'ao wa juu, penye paji na mfupa wa shavu, huakisi mbingu au dirisha na huwa wa baridi, ilhali vina vya uso vina joto la shaba na kahawia nyekundu. Anayeichora ngozi hiyo kwa kuongeza weusi tu huiua. Wachoraji wengi wa Ulaya waliiua hivyo.

Mwaka uliofuata, 1742, alionyesha picha ya rafiki yake Padre Huber akisoma usiku. Padre ameinamia kitabu kikubwa hata amesahau kila kitu. Kuna mishumaa miwili, mmoja umekwisha zimika na moshi wake ungali unapanda, naye hana habari. Uzito wote wa picha umesukumwa kuelekea kitabu. Kijana wa kikosi akituuliza maana ya mpangilio wa picha, tungemwonyesha hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1740 alimfikia mtu ambaye wanajeshi hawana budi kumjua: Maurice de Saxe, Marshali wa Ufaransa. Huyu alikuwa mwana wa nje ya ndoa wa Augustus, Mteule wa Saxony na Mfalme wa Poland, aliyezaliwa mwaka 1696. Tarehe 11 Mei 1745, pale Fontenoy katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, aliyashinda majeshi ya Waingereza, Wahanover, Waholanzi na Waaustria, ilhali mwili wake ulikuwa umevimba kwa maradhi ya maji kiasi kwamba sehemu ya siku hiyo alizungushwa uwanjani katika kigari kilichosukwa kwa fito. Alifariki mwaka 1750.

Wachoraji wengi wangempamba jemadari huyo kwa farasi, moshi wa mizinga na bendera zilizotekwa. La Tour aliyaacha yote hayo nje. Alichukua kichwa na kifua tu. Amemvika deraya ya chuma, na chuma ni kitu cha baridi. Kinaakisi dirisha, kijivu na buluu. Juu ya baridi hiyo ameuweka uso mpana wenye damu, uso wa mtu aliyekula, aliyekunywa, aliyelala matopeni na kuyaona mengi. Joto la uso linaongezwa na ubaridi wa chuma kilicho chini yake. Hapana hasira wala majivuno. Kuna uchangamfu wa mtu anayejua kazi yake na asiyehitaji kuitangaza. Sisi ambao kazi yetu ni kuandaa picha za maofisa kwa magazeti, na ambao mara nyingi huombwa tuhakikishe nishani zote zinaonekana, tumeitazama nakala ya picha hiyo kwa wivu.

La Tour alijua thamani yake, tena kupita kiasi. Mfalme Louis wa 15 na Malkia Marie Leszczyńska walichorwa naye, lakini utumishi wa jumba la mfalme haukumfundisha adabu za jumba hilo. Inasimuliwa kwamba wakati akimchora mfalme alianza kuzungumzia siasa, akalalamika kwamba Ufaransa haina jeshi la majini la maana, na mfalme akamjibu kwa utani kwamba wanaye Vernet, yaani mchoraji aliyesifika kwa kuchora merikebu. Yasimuliwa pia kwamba alipoitwa Versailles kumchora Madame de Pompadour, hawara na mshauri wa mfalme, alivua wigi, kola na bizimu za viatu, akavaa kofia nyepesi, akasema hataki mtu aingie. Mfalme alipoingia, mchoraji alikunja uso akataka kuondoka.

Picha hiyo ya Pompadour ilimchukua miaka kati ya 1752 na 1755. Ina urefu wa karibu mita moja na robo tatu, imeunganishwa kwa karatasi kadhaa, na kichwa kimechorwa kwenye karatasi yake peke yake kisha kikabandikwa mahali pake. Bibi ameketi katika chumba chenye ubaridi wa buluu na kijani, amevaa hariri nyeupe yenye maua, ameshika karatasi za muziki. Joto lote limewekwa usoni na mikononi. Lakini mtazamaji wa mwaka 1755 hakutazama hariri tu. Alisoma migongo ya vitabu juu ya meza. Kimojawapo ni juzuu ya nne ya Ensaiklopidia ya Diderot na wenzake, kazi ambayo juzuu zake mbili za kwanza zilikuwa zimepigwa marufuku na baraza la mfalme mwaka 1752. Kingine ni kitabu cha Montesquieu juu ya roho ya sheria. Kuviweka vitabu hivyo kando ya mwanamke wa mfalme, mbele ya umma, lilikuwa tamko. Hapo mpangilio wa picha uliacha kuwa suala la uzuri peke yake.

Malipo yakawa kisa. Husimuliwa kwamba La Tour alidai livre 48,000, akapelekewa 24,000, akaghadhibika, mpaka jirani yake Chardin, mchoraji mpole wa vyungu na matunda, alipomtania akatulia. Kwa tajiri alitoza sana; kwa rafiki mara nyingine alitoa bure.

Pia alikuwa na wivu, na hili halifichiki. Kulikuwa na kijana aitwaye Jean-Baptiste Perronneau, mchoraji wa pasteli aliyekuwa akipanda. La Tour alimwagiza amchore yeye, La Tour, na katika maonyesho ya mwaka 1750 picha hiyo ilionekana pamoja na picha ambayo La Tour alijichora mwenyewe. Diderot, aliyeandika habari hizo baadaye, aliona kwamba nia ilikuwa kumdhalilisha kijana kwa kulinganishwa. Picha ya Perronneau iko Saint-Quentin hadi leo. Tukisema kweli, ni picha nzuri sana, na anayezilinganisha sasa haoni fedheha yoyote kwa Perronneau.

Uzee wake ulikuwa na mateso ya namna mbili. La kwanza lilikuwa lile vumbi. Alitumia miaka mingi kutafuta dawa ya kuigandisha pasteli ili isipukutike, lakini kila dawa ilikuwa na hasara, kwa sababu kimiminika kikigusa unga ule huufanya uwe mzito na mweusi, na mng'ao hupotea. La pili lilikuwa kutoridhika. Alizirudia picha zilizokwisha sifiwa ili azitengeneze zaidi. Picha ya mchoraji Jean Restout, ileile iliyompatia uanachama wa Akademia mwaka 1746, aliichukua tena miaka mingi baadaye akaigusa hapa na pale mpaka watu wa wakati wake wakasema ameiharibu. Katika pasteli kila mstari wa ziada hujaza vinyweleo vya karatasi. Vikijaa, karatasi haipokei tena na rangi huwa tope. Fundi aliyewafundisha wengine jambo hilo alishindwa kujizuia mwenyewe.

Mwaka 1784, akili yake ikianza kulegea, alirudi Saint-Quentin, na mji ulimpokea kwa shangwe. Sababu ilikuwa kwamba fedha zake zilikuwa zimetangulia kufika. Alikuwa ameanzisha huko shule ya kuchora isiyotoza ada, iliyopata hati ya mfalme mwaka 1782, ili watoto wa mafundi na wafumaji wapate ujuzi. Aliweka mfuko wa kuwasaidia mafundi wazee wasioweza tena kufanya kazi. Na aliweka mfuko mwingine wa kuwasaidia wanawake maskini wakati wa kujifungua. Hakuandika popote, kwa tunavyojua, sababu za kuchagua hao. Sisi tunapoifikia habari hiyo hatuwezi kuacha kumkumbuka yule binamu wa mwaka 1723.

Alifariki tarehe 17 Februari 1788, mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa kuupindua ulimwengu wote aliouchora. Hakuoa. Kazi zilizobaki katika karakana yake zilikwenda kwa ndugu yake Jean-François, ambaye alikuwa ofisa wa wapandafarasi. Askari huyo alizitunza katika kipindi ambacho nyuso za makabaila hazikuwa na soko wala usalama, na alipofariki mwaka 1807 aliuachia mji kwa ajili ya mifuko ile ya shule na maskini. Wakuu wa mji walijaribu kuziuza Paris. Bei zilizotajwa zilikuwa za kudharaulika, kwa kuwa siku hizo watu walitaka picha za mashujaa wa Roma, si tabasamu za zamani. Basi zikarudishwa. Dharau hiyo ya wanunuzi ndiyo iliyoufanya mji wa Saint-Quentin kuwa na mkusanyo mkubwa kuliko wote wa kazi za La Tour, ambao baadaye uliwekwa katika nyumba iliyoachwa na mwenye benki Antoine Lécuyer.

Kisha vikaja Vita Kuu vya Kwanza. Wajerumani waliuteka mji mwezi Agosti 1914. Mwanzoni mwa mwaka 1917, walipojiandaa kurudi kwenye ngome zao za mstari wa Hindenburg, ambao ulipita hapohapo Saint-Quentin, waliwahamisha raia wote. Picha za La Tour pia zilihamishwa na jeshi la Ujerumani, zikapelekwa Maubeuge, na huko maofisa waliokuwa na elimu ya sanaa wakazitundika katika jumba la maonyesho ili wanajeshi wao wazione. Kila msomaji aliyewahi kupakia masanduku katika lori la jeshi na afikirie safari hiyo: unga usioshikwa na kitu, vioo, barabara zilizochimbwa na mizinga. Nyuma yao jumba la Lécuyer lilibomolewa kwa makombora pamoja na sehemu kubwa ya mji.

Baada ya vita kwisha mwezi Novemba 1918 picha hizo zilirudi mikononi mwa Wafaransa, zikahifadhiwa na kuonyeshwa kwanza Paris. Jumba jipya lilijengwa Saint-Quentin palepale lilipokuwa la zamani, likafunguliwa mwaka 1932, na nyuso zile zikarudi ukutani: Padre Huber na mshumaa wake, bibi mwimbaji Marie Fel aliyempenda La Tour miaka mingi, na wengine wasiojulikana majina, kila mmoja na jicho moja katika mwanga na la pili katika kivuli.